Mzee Hector wa Glenbogle: Baba Aliyetoa Karatasi, Akabaki na Kiti



Zipo tamthilia za televisheni ambazo mama akiziangalia mbele ya watoto hubaki akitafuta kitufe cha kuzimia. Zipo nyingine chache ambazo familia nzima inaweza kukaa, bibi, baba, watoto na mgeni, na kipindi kikiisha mazungumzo ndiyo yanaanza. Mojawapo ya hizo chache ni Monarch of the Glen, iliyotengenezwa Uskoti na kuonyeshwa na BBC ya Uingereza kuanzia mwaka 2000 hadi 2005. Ilikuwa na misimu saba na vipindi 64. Si kila jambo ndani yake ni la kuigwa, maana wapo vijana wanaobadili wachumba kama mtu anavyobadili shati. Lakini moyo wa hadithi ni wa kifamilia, na katikati ya moyo huo amekaa mzee mmoja wa vituko, jina lake Hector MacDonald, laird wa Glenbogle.

Mzee huyu anachekesha sana. Lakini ukimaliza kucheka unabaki na swali ambalo halichekeshi hata kidogo: Baba akizeeka, nani anashika nyumba? Na je, anaishika kwa amani wakati baba yupo, au kwa ugomvi baba akiwa kaburini? Swali hili limevunja nyumba nyingi, za matajiri na za maskini, za waamini na za wasioamini. Ndiyo maana nimeona tuketi pamoja tumtazame mzee Hector.

LAIRD NI NANI?

Uskoti ni nchi iliyo kaskazini mwa kisiwa cha Uingereza. Wengi wetu tunaifahamu kama nchi alikozaliwa mmisionari David Livingstone mwaka 1813. Sehemu yake ya nyanda za juu ni milima, maziwa marefu membamba, mvua, baridi na watu wachache.

Neno laird ni la Kiskoti, na asili yake ni moja na neno lord la Kiingereza. Lakini laird si lazima awe mtu wa daraja la kifalme au mwenye kiti katika bunge la mabwana. Ni mwenye ardhi. Anamiliki eneo kubwa lenye misitu, mito ya samaki, paa wa kuwinda, na nyumba za wapangaji. Zamani katika nyanda za juu ardhi ilikwenda pamoja na ukoo. Mkuu wa ukoo alikuwa kama baba wa watu wote waliobeba jina lake. Baadaye, katika karne ya 18 na ya 19, wenye ardhi wengi waliwafukuza wakulima wadogo ili wafuge kondoo, na maelfu wakavuka bahari kwenda Kanada na kwingineko. Kwa hiyo Mskoti akisikia neno laird, huenda akakumbuka baba mlezi, na huenda akakumbuka machozi.

Hata katika miaka yetu hii, karibu nusu ya ardhi ya watu binafsi Uskoti iko mikononi mwa wamiliki wasiofika 500. Lakini mambo yamekuwa yakibadilika. Mwaka 1997 wakazi wa kisiwa kidogo cha Eigg walifanikiwa kukinunua kisiwa chao kutoka kwa mmiliki. Mwaka 2003 Bunge la Uskoti lilipitisha sheria ya kuzipa jumuiya za vijijini nafasi ya kununua ardhi wanayoishi, na kumruhusu kila mtu kutembea mashambani kwa uangalifu. Tamthilia yetu ilikuwa inaonyeshwa katika miaka hiyohiyo. Mzee Hector ni mtu wa dunia iliyokuwa inapita mbele ya macho yake.

Hadithi yenyewe ilichukuliwa, kwa kubadilishwa sana, kutoka riwaya za Compton Mackenzie. Riwaya ya kwanza, yenye jina hilohilo, ilitoka mwaka 1941. Ndani yake kuna laird mwenye hasira anayepigana na wapanda milima waliothubutu kupiga kambi kwenye ardhi yake. Na jina la riwaya lilitokana na picha maarufu ya paa dume mwenye pembe kubwa, iliyochorwa na Edwin Landseer mwaka 1851. Paa yule amesimama juu ya kilima kana kwamba hakuna anayeweza kumwondoa. Hivyo ndivyo Hector anavyojiona.

KIJANA ANAITWA NYUMBANI

Hadithi inaanza na Archie, mwana wa Hector. Ameondoka kijijini, anaishi London, anaendesha mgahawa, ana mchumba wa mjini, na hana mpango wa kurudi. Anaitwa nyumbani kwa haraka kwa sababu ya baba yake. Anapofika anakuta mzee yu mzima, anafoka kama kawaida, na jambo lililofichwa nyuma ya mwito ule ni jingine kabisa: Archie ndiye laird mpya. Nyumba na ardhi vimewekwa mikononi mwake, na pamoja navyo madeni. Benki inadai, na jumba kubwa linakula fedha kila siku.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Ukiliona jumba la Glenbogle kwenye televisheni, lenye minara na madirisha mengi, likiwa kando ya ziwa, utasema hawa watu wameshiba. Ingia ndani. Jumba la kweli lililotumika kupigia picha linaitwa Ardverikie, kando ya ziwa Laggan. Malkia Victoria alikaa mahali hapo mwaka 1847, na Landseer yule wa picha ya paa alikuwa amechora picha kwenye kuta zake. Mwaka 1873 moto ukaiteketeza nyumba, na michoro yote ikapotea. Nyumba iliyopo ilijengwa upya baada ya moto ule. Mali ya dunia ndivyo ilivyo: malkia alilala pale, moto ukaja.

Sasa tusimame kidogo hapa. Kwa nini mzazi Uingereza amwandikie mwanawe mali angali hai? Sababu moja kubwa ni kodi ya mirathi. Mtu akifa na mali nyingi, serikali ya Uingereza hutoza asilimia 40 ya sehemu inayozidi kiwango fulani, ingawa kuna nafuu kwa mashamba na kwa mambo mengine. Lakini aliyetoa zawadi angali hai, kisha akaishi miaka saba baada ya kuitoa, kwa kawaida zawadi ile haitozwi kodi hiyo. Ndiyo maana familia zenye ardhi hupenda kukabidhi mapema.

Lakini sheria hiyo ina sharti moja ambalo nililisoma mara mbili kwa jinsi lilivyo na hekima. Ukimpa mwanao nyumba, kisha ukaendelea kukaa humo na kuitumia kama yako bila kumlipa pango, kwa upande wa kodi hiyo unahesabiwa kwamba hujatoa. Karatasi zinasema umetoa, lakini maisha yanasema bado umeshika.

Hapo ndipo ulipo ugonjwa wa mzee Hector. Karatasi zinasema laird ni Archie. Lakini kiti cha kichwa cha meza bado ni cha Hector. Sauti ya mwisho ni ya Hector. Archie akipanga kupokea wageni wa kulipa ili wapate fedha, mzee anaona jumba la mababu limegeuzwa nyumba ya wageni. Archie akifanya hesabu, mzee anapiga kelele kuhusu heshima ya ukoo. Kijana amepewa mzigo bila kupewa mamlaka. Na hakuna mtu anayechoka upesi kama aliyepewa mzigo wa namna hiyo.

VITUKO VYA MZEE

Hector amevaa sketi ya Kiskoti na makoti mazito ya zamani. Anazipenda desturi hata zile ambazo watu wamekwisha kusahau maana yake. Ana jirani yake, Lord Kilwillie, ambaye ni rafiki yake wa siku zote na pia mshindani wake wa siku zote. Wazee hawa wawili wanagombana kama watoto wa darasa la pili, na sehemu ya ugomvi wao ni kwamba Kilwillie tangu ujana amempenda Molly, mke wa Hector. Hector ni mkaidi, mjanja, na mwongo pale uongo unapomsaidia. Lakini humchukii. Anawapenda watu wake. Golly, mlinzi wa wanyama wa mashamba yake, Duncan, kijana msaidizi, na Lexie, mpishi mwenye ulimi mkali, wote wanaishi katika nyumba ile kama ndugu na si kama watumishi wa mshahara tu.

Katika kazi ya uuguzi, na katika kuwatembelea wazee wa kanisa majumbani, nimewaona akina Hector wengi. Yuko mzee anayevaa koti la harusi kila siku. Yuko anayekataa kabisa mlango wa nyumba usipakwe rangi mpya. Watoto wanacheka, wanasema babu ana vituko. Naomba niseme jambo moja hapa, akina mama, kwa sababu ninyi ndio mnaowaona wazee kila siku.

Kuna vituko ambavyo ni tabia ya mtu. Alikuwa hivyo akiwa na miaka 30, na akiwa na miaka 75 amezidi tu. Hivyo ndivyo vya Hector. Havihitaji dawa, vinahitaji uvumilivu na ucheshi kidogo.

Lakini kuna vituko ambavyo ni ugonjwa. Mzee akianza polepole kupotea njia aliyoizoea, akauliza swali moja mara kumi, akavuruga fedha ambazo zamani alizihesabu vizuri, au akawatuhumu watu kwa wizi wa kitu alichokificha mwenyewe, huenda akili inapoteza kumbukumbu. Mpeleke hospitali akachunguzwe, usimcheke na usimwombee tu ukaishia hapo. Na mzee akibadilika ghafla, ndani ya siku moja au mbili, akasema maneno yasiyoeleweka au akalala mno, usingoje. Inaweza kuwa maambukizo ya njia ya mkojo au ya mapafu, sukari iliyoshuka au kupanda, upungufu wa maji mwilini, au dawa zisizopatana. Mengi ya hayo yanatibika akiwahishwa. Na wakati mwingine mzee anayeitwa mbishi hasikii tu. Masikio yameziba. Kabla ya kumwita mkaidi, hakikisha amekusikia.

KIFO AMBACHO HAKIZUNGUMZWI

Kuna kituko cha tatu, ambacho si tabia wala ugonjwa wa mwili. Ni huzuni iliyovaa nguo za hasira. Na hapa tamthilia ile inagusa kidonda.

Archie alikuwa na kaka, jina lake Jamie. Alikufa maji katika ziwa la Glenbogle. Jambo hili lilikuwa limetokea miaka mingi kabla ya hadithi kuanza, lakini liko katika kila chumba cha jumba lile. Ziwa liko pale pale, kila asubuhi wanaliona kupitia dirishani. Archie amebeba kifo cha kaka yake moyoni mpaka London. Mzee naye amekibeba kwa namna yake. Wanagombana juu ya fedha, juu ya paa la nyumba, juu ya wageni, na chini ya ugomvi wote huo kuna mtoto mmoja ambaye hakurudi kutoka majini.

Ni familia ngapi tunazozifahamu ziko hivyo? Mtoto alikufa, msiba ukaisha, watu wakarudi makwao, na tangu siku ile baba hakulitamka jina lake tena. Mama alilia, na kulia kulimponya kiasi. Baba aliambiwa ajikaze, mwanaume halii. Akajikaza hata akawa jiwe. Watoto waliobaki wakakua wakidhani baba hawapendi kama alivyompenda yule aliyekwenda.

Biblia haifichi habari kama hizi. Katika 2 Samweli 14 tunasoma kwamba Absalomu aliishi Yerusalemu miaka miwili mizima bila kuuona uso wa Daudi baba yake. Mji mmoja, damu moja, na hakuna neno. Ukimya ule haukuleta amani. Ulizaa vita, na vita vikamuua Absalomu, na Daudi akamlilia mwanawe kwa sauti alipokuwa hawezi tena kumsikia. Machozi yale yangemfaa Absalomu akiwa hai.

MAMA ALIYE KATIKATI

Katika nyumba ya Glenbogle anayeshikilia pande zote mbili ni Molly, mke wa Hector. Ni mpole, mcheshi, wakati mwingine anaonekana kama hayupo hapa duniani. Usidanganyike. Anajua kila kitu. Anajua mumewe anaogopa. Anajua mwanawe amechoka. Anajua pia kuwa mumewe hatakubali kushindwa mbele ya watu, kwa hiyo maneno mazito huyasema wakiwa wawili.

Akina mama wengi watajiona hapo. Mume anasema, "Mwambie mwanao." Mwana anasema, "Mwambie baba." Unakuwa kama posta. Kazi ya posta ni kupeleka barua zilizofungwa, lakini kazi ya mama ni kubwa kuliko hiyo. Ipo siku ya kukataa kupeleka barua, ukasema, "Kaeni mezani mzungumze, nami nitakuwepo."

Mfano wake mzuri uko katika 1 Wafalme, sura ya kwanza. Daudi amezeeka, hapati joto hata akifunikwa nguo. Hajatangaza mbele ya watu nani atamrithi. Mwanawe Adonia ameona pengo, ameanza kujiita mfalme. Ndipo Bathsheba, kwa ushauri wa nabii Nathani, anaingia chumbani kwa mzee. Hapigi kelele wala hamdharau. Anainama, kisha anamweleza mambo mawili yaliyo wazi: uliniahidi, na usiposema neno sasa, sisi tutaangamia ukishalala na baba zako. Naye Daudi, pamoja na uzee wake, akaamka katika akili, akaamuru Sulemani apandishwe juu ya nyumbu wa mfalme mwenyewe na kutiwa mafuta siku ileile. Hakumpa Sulemani maneno tu. Alimpa nyumbu wake na kiti chake, huku yeye mwenyewe akiwa bado anapumua. Sura inayofuata anamwita na kumpa wosia.

Tofauti ya Daudi na Hector ni hiyo. Hector alitoa karatasi, akabaki na kiti. Daudi alitoa kiti.

WALIOVAA SURA HIZO

Mwigizaji aliyekuwa Hector ni Richard Briers, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1934. Waingereza walimpenda tangu miaka ya 1975 hadi 1978 katika tamthilia ya kuchekesha iitwayo The Good Life, ambamo mume na mke wanaacha kazi ya mshahara na kugeuza bustani ya nyumba yao ya mjini kuwa shamba la mboga na mifugo. Lakini mwaka 1990 mtu huyohuyo wa kuchekesha alipanda jukwaani kuwa King Lear wa Shakespeare, yaani mfalme mzee anayewagawia binti zake nchi kwa kupima utamu wa maneno yao, akampa urithi aliyemsifu na kumfukuza aliyempenda. Lear naye alitoa nchi lakini akataka aendelee kuheshimiwa kama mfalme, pamoja na askari wake mia moja. Mwisho wake ulikuwa mbaya. Briers aliufahamu moyo wa mzee wa namna hiyo miaka kumi kabla hajavaa sketi ya Hector, nami nadhani ndiyo sababu Hector wake anachekesha na huku anatia huruma.

Nyumbani kwake Briers hakuwa na vituko hivyo. Alikaa na mke wake mmoja, mwigizaji Ann Davies, kwa zaidi ya miaka 50, wakapata mabinti wawili. Alifariki Februari 2013 akiwa na miaka 79. Alikuwa ameugua mapafu, na yeye mwenyewe alisema wazi kwamba sigara ndizo zilizomharibu. Alikadiria kuwa amevuta nusu milioni maishani. Ugonjwa wake huharibu vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu, navyo vikishaharibika havirudi. Mgonjwa anakuwa kama mtu anayepumua kupitia bomba jembamba. Mama mwenye mume au mwana anayevuta sigara anaweza kumsimulia habari hii leo jioni. Kuacha kunasaidia hata ukiwa umevuta miaka mingi, maana kunapunguza kasi ya ugonjwa.

Aliyekuwa Molly ni Susan Hampshire, aliyezaliwa mwaka 1937. Tangu utotoni alipata shida kubwa ya kusoma, kwa sababu ya tatizo linaloufanya ubongo upate taabu kuhusisha herufi na sauti zake. Walidhani ni mzito wa akili. Hata hivyo akawa mwigizaji, kazi ya kukariri maandishi, akashinda tuzo ya Emmy ya Marekani mara tatu. Aliandika kitabu kuhusu tatizo lake na kuwatetea watoto walio nalo. Na katika miaka ya baadaye alimuuguza mumewe, Sir Eddie Kulukundis, hadi alipofariki mwaka 2021. Mama mwenye mtoto anayechelewa kusoma asikate tamaa, wala asimpige.

MZEE AKISHAONDOKA

Hector hakufika mwisho wa tamthilia. Baada ya misimu mitatu alifariki katika hadithi, na Archie akabaki laird peke yake, bila sauti ya kumpinga. Watazamaji wengi waliona jinsi jumba lilivyokuwa kimya. Mtu uliyegombana naye kila siku, akiondoka, huachi kumsikia mara moja.

Kisha likafuata jambo ambalo halitashangaza mtu aliyewahi kukaa kwenye kikao cha mirathi. Akatokea kijana aitwaye Paul Bowman, akafanya kazi pale Glenbogle, na mwishowe ikajulikana kuwa ni mtoto wa Hector aliyezaliwa nje ya ndoa. Archie alikuwa na ndugu asiyemjua. Baadaye Paul ndiye aliyekuja kuwa laird.

Katika tamthilia, ndugu hawa wawili walipata nafasi ya kufahamiana. Katika maisha, mara nyingi kijana kama Paul anatokea siku ya arobaini, akiwa na mama yake mlangoni, na watu wanatafuta mawe. Mtoto hana kosa. Mwenye siri ndiye aliyepaswa kuisema, naye amelala. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha mtoto vilevile.

Wajane wanaosoma ukurasa huu, najua neno hili ni chungu. Kama Molly, mnaweza kumlilia mume kwa dhati na wakati huohuo kumkasirikia kwa alichowaachia. Yote mawili yanaweza kukaa katika moyo mmoja, na Mungu anasikia yote mawili.

TUFANYE NINI NYUMBANI KWETU?

Huenda huna jumba wala ziwa. Una nyumba ya vyumba vitatu, kiwanja, mashine ya cherehani, ng'ombe wawili. Kukabidhi ni kulekule. Ningependa tuchukue mambo matano.

1. Zungumzeni baba akiwa na afya. Mazungumzo ya urithi kando ya kitanda cha hospitali huonekana kama uroho. Mazungumzo hayohayo baada ya chakula cha Jumapili huonekana kama mipango.

2. Msemeni ukweli wa madeni. Archie aliumizwa zaidi na kushtukizwa kuliko deni lenyewe. Mtoto mzima ana haki ya kujua mzigo unaomsubiri.

3. Mkitoa, toeni kweli. Ukimwachia kijana duka, mwachie na ufunguo wa droo. Ukiwa bado hauko tayari, sema wazi kuwa bado, usimpe jina la meneja huku ukimhesabia kila senti.

4. Andikeni wosia. Wosia wa maandishi wenye mashahidi haumwui mtu. Hapa Tanzania wakala wa serikali wa RITA husaidia watu kuandika wosia na kuutunza. Wataje watoto wote, hata wale ambao kuwataja kunaleta aibu.

5. Mpeni mzee kazi. Hector alishika kiti kwa sababu hakuona mahali pengine pa kukaa. Mzee aliyekabidhi bado anaweza kuwa mshauri, msuluhishi, msimulizi wa habari za ukoo, mwombaji wa nyumba. Amri ya tano inayotutaka tuwaheshimu wazazi, katika Kutoka 20:12, haina kikomo cha umri wala haikuwekewa sharti kwamba mzazi awe mtu rahisi.

Na kama katika nyumba yako kuna jina la mtoto aliyekufa ambalo halitamkwi, litamke. Anza wewe mama. Sema, "Leo nimemkumbuka." Kisha nyamaza, usiogope ukimya wa mzee. Huenda amesubiri miaka 20 mtu aanze.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Soma 1 Wafalme 1:11-31. Bathsheba alionyesha heshima kwa mzee na pia akasema ukweli. Alifanyaje yote mawili?

2. Katika familia unayoifahamu, ni mzigo gani umetolewa bila mamlaka? Ungeshauri nini, bila kutaja majina?

3. Ni dalili zipi zinazoonyesha kwamba mzee anahitaji daktari na si lawama?

4. Mwaka huu, ni neno gani ungependa kumwambia baba au mama yako, au mwanao, akiwa bado anakusikia?